Mlio wa Upawa

Muuza viazi karai wa Junda hamwiti mteja. Viazi vikiiva, hugonga ukingo wa karai kwa upawa wake, ko-ko-ko, na mtaa mzima ukajua. Vidole vyake vimeshika rangi ya bizari isiyotoka kwa sabuni, na mkono wake hauachi kugeuza viazi hata akisalimiwa na nani. Taha, afisa wa serikali, aujua mlio ule vizuri. Zamani njaa ikizidi, ofisi yake ilileta unga, watu wakapiga foleni juani, wakapigwa picha, basi. Mpaka asubuhi moja wanawake wa Junda walipowajia na sufuria tupu, muuza viazi mbele na upawa wake, wakazigonga hadi wakubwa wakatoka nje. Muuza viazi hakutoa hotuba. “Unga mwatuletea,” alisema, “na maji ya kusongea sima yawapi?” Tangu siku ile ofisi huuliza kwanza, ndipo ikaleta.

Leo bomba la mtaa lafunguliwa, na Taha amejongea apigwe picha akinywa gilasi ya kwanza. “Foleni, mwanangu,” muuza viazi amwambia akiwa penye karai lake kando ya foleni, na kumpa mtungi wake amtekee. Taha acheka, aenda mwisho, nyuma ya akina mama na ndoo zao. Foleni yasogea polepole, watu wapiga soga. Mara nyuma yake: ko-ko-ko! Agutuka, mtungi wamponyoka.

“Tulia, baba,” muuza viazi amwambia. “Leo ni viazi tu.”