Fundi na Laptopu Iliyonyamaza

Fundi wangu wa kompyuta hapa Kitale huongea zaidi na mashine kuliko na wateja. Hupuliza kibodi kama anayepoza uji, kisha huigombeza: "Si nimekuambia uache kunyamaza, bana?" Laptopu yangu ilikuwa imekwama kwenye hali ya kimya; kila akiiondoa, inarudi yenyewe. Mwishowe akaomba simu yangu. "Ulinyamazisha simu kanisani Jumapili, ukasahau. Zote mbili ziko kwenye akaunti moja, kwa hiyo laptopu inafuata simu." Akabonyeza, jumbe za siku tatu zikalia pamoja, naye akaangua kicheko cha kusikika hadi sokoni. Ndipo simu yake ikaita: mama mkwe wake, kutoka Sirisia. Akasimama, akavua kofia, akageukia ukuta, maana kwao mama mkwe hatazamwi usoni, kana kwamba mama mwenyewe yuko mlangoni. Kwa dakika kumi, yule mgomvi wa mashine hakuwa na neno ila "Ndiyo, mama."