Shangazi Hakuomba Kutuliwa

Juzi nilialikwa harusini Kasulu mjini, ndugu yangu, na pilau ilinishinda kumeza. Kwaya iliinuka ikaimba wimbo ninaoujua tangu utoto, kisha mshereheshaji akapaza sauti: "Makofi kwa marehemu mwalimu wetu wa kwaya, mtunzi wa wimbo huu!"

Mwongo. Mtunzi alikuwa shangazi yangu.

Alinilea kwake Titye. Kiangazi tulishinda uani tukimenya mihogo, vidole vikinata, harufu ya ile iliyolowekwa ikitupanda puani, mawese yakinukia jikoni. Hapo ndipo alipotungia. Alianza kwa kuguna tu, kisu kikashika mdundo, halafu maneno yakaja, ya Kiha chetu. Alitufundisha watoto ubeti mmoja, akatutuma kisimani. Tukirudi tunauimba, alicheka. Tukirudi tumeusahau, aliutupa bila huruma. "Wimbo usiofika kisimani," alikuwa akisema, "kanisani utafikaje?"

Huo wa harusini aliutunga alipofiwa na mumewe. Mwanamke yuko kisimani peke yake, mtungi umejaa, hana wa kumsaidia kuupandisha kichwani. Anamwambia Mungu: "Nitwike, Baba, njia naijua." Bibi, mama yake shangazi, alipousikia mara ya kwanza aliweka kisu chini, akafuta macho kwa kiganja chenye unga.

Mwalimu wa kwaya, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, akaja na redio yake ya kaseti. Shangazi alimpa kiti kizuri, akamchinjia kuku, akamwimbia. Mwalimu akautia Kiswahili, kwaya ikaenda kushindana Kibondo, ikarudi na kombe.

Jumapili hiyo mzee wa kanisa alilinyanyua kombe, akamtaja mtunzi: mwalimu. Kwaya ikaanza: "Nitue, Baba, njia ni ndefu."

Shangazi akasimama. Nilikuwa ubavuni pake.

"Mwalimu, mimi sikuomba kutuliwa. Niliomba kutwikwa."

"Mama, keti," mzee wa kanisa akasema. "Wimbo ni wa Mungu."

"Kama ni wa Mungu, mbona umetaja jina la mwalimu?"

Mwalimu alijifanya anapanga karatasi zake. Wanawake waliozoea kuomba nyimbo kwake kila palipokuwa na harusi waliinamisha vichwa, wote. Shangazi akatoka nje, na hakuimba tena kanisani mpaka tulipomzika. Na siku ya kumzika, kaburini, waliimba nini? "Nitue." Mwalimu mwenyewe akiongoza, mikono hewani.

Juzi nilimfuata mshereheshaji nikamweleza yote. Akanipigapiga begani. "Mzee wangu, hayo ni ya zamani. Karibu keki."

Wanangu wananiambia niache, hasira haimfufui mtu. Sawa. Lakini nyimbo zake nyingine, za kupalilia, za kubembeleza mtoto, ule wa kumcheka jirani aliyelala mpaka kuku wakamwamsha, nimekwenda kuzitafuta Titye. Nyumba ile haipo, uani wamepanda mahindi. Wenzangu wa kisimani wanakumbuka kwamba tuliimba. Tuliimba nini, hawajui. Hata mimi nikianza, maneno hunipotea. Umebaki mmoja tu, ule ulioibiwa. Nikitaka kumsikia shangazi yangu leo, sina budi kwenda kumsikiliza mwizi wake.