Kamshafti ya Kupandia Bugarama

Mwezi uliopita nilikuwa kwa fundi mmoja Mkongomani, mwenye gereji karibu na bandari ya ziwani. Mwalimu mstaafu alikuwa akifufua gari lake la ujana, na siku hiyo walifikia kamshafti, kile chuma kinachofungua na kufunga vali za injini. Fundi alilaza mbili juu ya gunia.

“Hii inakimbia sana kwa tambarare,” alisema. “Hii ingine iko pole, lakini inavuta mulima.”

“Nipe ya kukimbia,” mwalimu alisema. “Bibi yangu, mama ya watoto wangu, iko Gitega, naenda kumuleta. Pale Bugarama, kwa mulima, wanapiga magari risasi. Mutu wa pole anakufa.”

“Apana, papa. Wanapiga wapi? Si kwa kupanda? Pale ya kukimbia itachoka. Beba ya kuvuta.”

Mwalimu alizipima mikononi, moja moja, kisha akachukua ya kuvuta.

Juzi nilimkuta tena gerejini, kofia mkononi. Alisema injini ilipanda bila shida. Lakini wakati wa kurudi wanajeshi walimweka kwenye msafara, nyuma ya lori la maharage, na kulipita kulikatazwa. Risasi zilipoanza, lori lilizimika mbele yake. Mkewe aliuawa kwenye kiti cha pembeni.

Fundi akaanza kuomba msamaha.

“We ulinishauri vizuri,” mwalimu alimkatiza. “Nguvu ilikuwako. Njia ndiyo ilikosekana.”

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba barabara ya Gitega ni salama, mradi mtu asisafiri nje ya msafara.