Gari la Kufika Mlangoni

Fundi waliyemwita Ng'ang'ana hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu nati iliyoshika kutu, ambayo mafundi wengine wangeikata kwa moto chapuchapu na kwenda zao kunywa chai, yeye angeikalia asubuhi nzima, akiipaka mafuta, akiigonga kidogo, akiitukana kwa sauti ya chini, mpaka iachie. Ilipoachia hakushangilia. Aliifuta kwa kitambaa, akaitia mfukoni na kuhamia inayofuata. Ukimpelekea gari, hakurudishii mpaka lipone, na kama una haraka, shauri yako.

Ubishi huo aliurithi kwa mama yake. Mama aliishi juu mlimani, peke yake, katika nyumba ya vyumba viwili aliyojengewa na marehemu mumewe, naye alishasema humo hatoki. Barabara ya kwenda kwake ilikuwa ya udongo mwekundu, nyembamba, yenye kona moja kali ambayo madereva waliibatiza Toba, maana mtu akifika hapo ndipo hukumbuka dhambi zake zote. Kiangazi, gari la kawaida lilijikongoja mpaka Toba likaishia hapo. Masika, hata hapo halikufika. Mwenye shida ya kupanda alipanda kwa miguu.

Kila Jumapili Ng'ang'ana alipanda kwa miguu. Alibeba mkate, sukari na dawa za moyo za mama, na alipofika uani, jasho linamchuruzika, hakuingia hivi hivi. Alisimama nje ya mlango uliokuwa wazi akasema, "Hodi! Wenyewe wapo?" Na mama, aliyekwisha kumwona tangu yuko kule chini, alijibu kutoka ndani, "Mwenyewe si ndiye wewe, baba!" Mchezo huo waliuanza alipokuwa mtoto wa kutumwa dukani, na hakuna aliyeona sababu ya kuuacha eti kwa kuwa mtoto ameota mvi.

Kisha yakaja masika yale mabaya. Mama alivimba miguu, akawa anaitafuta pumzi kwa shida. Wanaume wa jirani wakamfunga kwa kamba kwenye kitanda chake asiteleze, wakamshusha mlimani mvua ikinyesha, wakianguka na kuinuka. Hospitali walimtibu, akapata nafuu, akarudi kwake mlimani. Lakini ile aibu haikupata nafuu. Kufungwa kamba kama gunia, nguo imelowa na kumganda mwilini, mbele ya vijana aliowahi kuwaogesha walipokuwa watoto! Alipozungumzia siku ile alitazama ukutani.

Daktari alisema bila kuzunguka: mama huyu ahamie mjini, karibu na hospitali, na masika mengine yasimkute kule juu. Mke wa fundi, ambaye alikuwa mshonaji, alitoa cherehani yake kwenye chumba cha uani, akatandika kitanda na kutundika pazia jipya. Ng'ang'ana akapanda kwenda kumbembeleza mama. Alibembeleza mpaka chai ikapoa.

"Sibebwi tena," mama alisema. "Siku gari litakapofika mlangoni pangu, nitalipanda mwenyewe, kwa miguu yangu. Bila hivyo, niacheni hapa hapa."

Alisema hivyo akijua fika kwamba hakuna gari la kufika. Ilikuwa njia yake ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Mtu mwingine angelielewa hilo, akavuta subira, akarudi Jumapili nyingine kubembeleza upya. Ng'ang'ana aliyapokea maneno yale kama kazi aliyoagizwa na mteja.

Nyuma ya gereji yake ilikuwepo pikapu ya zamani, ya enzi ambazo yeye mwenyewe alikuwa bado mwanafunzi wa kaptula, taa zake za duara, mlango mmoja wa rangi tofauti. Mwenyewe alikwisha kufa na warithi hawakuitaka. Injini ilikuwa nzima. Kilema chake ni kwamba ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na yale ya mbele kazi yake ilikuwa kufuata na kukata kona. Penye utelezi, ya nyuma yangezunguka bure na gari lingekaa kama ng'ombe aliyegoma. Ili ipande Toba na kufika mlangoni kwa mama, ilibidi magurudumu yote manne yavute.

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Bibi kizee huyo unamvalisha viatu vya mpira!" mmoja alisema, akiionyesha pikapu. Ng'ang'ana alikwenda kwa wauza vyuma chakavu, akapata jipu lililopinduka, akalinyonyoa kama kuku. Alikata vyuma vya mbele vya pikapu, akachomelea vishikizo vipya vya springi, akainua bodi ili ekseli ya jipu ipate nafasi chini yake. Giaboksi ya zamani akaitoa, akafunga ya jipu, ambayo mgongoni ina giaboksi nyingine ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma. Propela shafti, fito za chuma za kupeleka nguvu kwenye magurudumu, hazikulingana urefu: moja akaikata, nyingine akaiunga. Magari ya wateja aliyashughulikia siku za kazi, na pikapu akaipa Jumapili.

Jumapili ya kwanza ambayo hakupanda mlimani alijisikia vibaya. Ya pili alijisikia vibaya kidogo. Baada ya hapo alizoea, na tuseme ukweli, alianza hata kujisifu moyoni kwamba hakuna mwana anayemhangaikia mama yake kuliko yeye. Mkate, sukari na dawa alivituma kwa mama muuza maziwa, jirani wa mama kule juu, aliyeshuka mjini kila asubuhi na kupita mbele ya gereji.

"Mama yako anakuulizia," muuza maziwa alimwambia.

"Mwambie nakuja na gari," alijibu kutoka chini ya pikapu.

Kiangazi kikiwa katikati, alisema imekwisha. Aliitoa gereji mpaka barabarani, akaingiza gia ya magurudumu yote manne, na pikapu ikatetemeka, ikanguruma, kisha kitu kikapasuka chini kwa mlio mkubwa, watu wakakimbia. Alilala chini yake na tochi mpaka akaelewa. Difu ya mbele, yaani kasha la meno yanayozungusha magurudumu, iliyotoka kwenye jipu, na difu ya nyuma, ya pikapu yenyewe, hazikuwa na meno sawa. Moja ilitaka kwenda haraka kuliko mwenzake, na kwa kuwa zote zimefungwa kwenye giaboksi moja, zilivutana mpaka giaboksi ikavunjika. Hilo ni jambo la kuangalia kabla ya kufunga nati hata moja. Fundi asiyemrudishia mtu gari lenye kasoro alikuwa amepitiwa, kwa pupa ya kumfurahisha mama.

Usiku ule hakula. Mkewe alikaa mkabala naye, mkono shavuni.

"Sikia, baba watoto," alimwambia. "Jumapili hii acha spana. Panda kwa miguu ukamwone."

"Nikapande mikono mitupu, nikamwambie nini? Kwamba gari limevunjika?"

"Umwambie hodi. Basi."

"Nikipoteza Jumapili moja, masika yananikuta njiani. Wewe huoni mawingu?"

Mawingu hayakuwepo. Mke aliinuka akaosha vyombo kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kazi ikaanza upya. Alitafuta difu inayolingana na ya mbele, akazunguka kwa kila muuza chakavu, akarudi mikono mitupu mara nyingi kabla ya kuipata. Akatafuta na giaboksi nyingine. Muuza maziwa aliendelea kupita.

"Fundi, mwanangu, mama yako siku hizi simwelewi. Juzi kaniita kwa jina la dada yake marehemu. Na kila siku anakuwekea kikombe mezani, iwe Jumapili isiwe Jumapili."

"Ni uzee huo," alisema Ng'ang'ana. "Akija mjini akikaa na wajukuu atachangamka. Mwambie wiki ijayo."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie gari linakuja mpaka mlangoni."

Ilikuwa kweli safari hii. Mawingu halisi yalikuwa yamejazana nyuma ya mlima, na manyunyu ya kwanza yamekwisha kulowanisha udongo, wakati pikapu ilipoondoka gereji na godoro nyuma, blanketi na mkate mapajani mwa mke. Toba ilikuwa inateleza kama sabuni. Ng'ang'ana alivuta fimbo ndogo ya gia, akasikia magurudumu ya mbele yanashika, gari likajiinua polepole na kuipita kona ile kama vile si kitu. Alipiga kelele za furaha kama mtoto. Mkewe, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka. Walifika uani, gari likasimama mita chache kutoka mlangoni, na fundi akapiga honi ndefu ya ushindi.

Mama alitokea, ameshika mwimo wa mlango. Alikuwa amekonda mno, miguu tu ndiyo mikubwa.

"Mnamtaka nani?" aliuliza.

"Mama, ni mimi! Tazama, gari limefika mlangoni!"

Mama alilitazama gari, akamtazama na yeye, ovaroli jeusi kwa grisi, kwa adabu ya mtu anayepokea wageni asiowajua.

"Karibuni. Ila hapa hatukuita gari."

"Mama, ni mimi mwanao."

"Mwanangu huja kwa miguu," alisema taratibu, kama anayemwelekeza mtu aliyepotea njia. "Huja Jumapili. Siku hizi anachelewa kidogo. Nikiondoka, akija atanikosa."

Mke alimshika mkono, akambembeleza, akamwita mama, mkwe, bibi wa wajukuu. Wapi. Ngurumo ikapiga nyuma ya mlima, na Ng'ang'ana akaona hakuna la kufanya isipokuwa kumwinua. Alikuwa mwepesi. Alimchukua mikononi akapiga hatua kuelekea kwenye gari, na mama yake akapiga ukelele ambao muuza maziwa aliusikia kutoka kwake.

"Baba! Baba wee! Njoo mwanangu, wananichukua!"

Alikuwa anamwita yeye aje amwokoe. Ng'ang'ana alisimama na mama yake mikononi, kisha akarudi akamketisha kitini polepole. Mezani, mbele ya kiti kingine, kilikuwepo kikombe chake, kikavu.

Alitoka, mkewe akamfuata garini. Aliliteremsha gari mpaka chini ya Toba, mahali ambapo mama hawezi kuliona, akalizima. Alivua ovaroli. Alinawa mikono kwenye kijito kwa mchanga, akasugua mpaka kucha zikauma. Kisha akachukua mkate, akamwacha mkewe garini, akaanza kupanda kwa miguu, akiteleza, mvua imekwisha kuanza. Kwa kuwa alikuwa peke yake, alilia kwa sauti njia nzima. Uani alijifuta uso kwa shati.

"Hodi," alisema. "Wenyewe wapo?"

Alidhani amechelewa hata kwa hilo.

"Mwenyewe si ndiye wewe, baba!" mama akajibu. "Ingia, utalowa. Kulikuwa na watu wabaya hapa, wamekuja na gari. Nimewaambia siendi popote, mwanangu hajafika."

Aliingia, akaweka mkate mezani, akapiga magoti mbele ya kiti chake. "Nimefika, mama. Sasa twende. Twende wote mjini, mimi na wewe."

Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamkung'uta maji ya mvua nyweleni. "Niende wapi tena?" alisema. "Wewe si umeshafika?"

Ng'ang'ana akakaa. Gereji ilifungwa masika yale, na mkewe ndiye aliyepanda na kushuka kwa miguu kuleta dawa, ambazo hazikutosha. Kila alipogusia gari mama aliingiwa na hofu, kwa hiyo aliacha kuligusia. Alikaa naye mpaka mwisho, na mpaka mwisho mama alimjua.

Siku ya kumteremsha kwenda makaburini, mvua ilikuwa bado inanyesha. Pikapu ilipanda mpaka mlangoni mara ya pili, haikuteleza popote, na Ng'ang'ana akambeba mama yake kumtoa ndani, hakuna aliyemzuia.