Mawaridi Pembeni mwa Njia ya Mama

Nilistaafu ualimu nikiwa na tamaa moja tu: mawaridi mbele ya nyumba. Miaka yote niliyofundisha hisabati huko Tunduru nilikaa nyumba za shule, na kwenye nyumba ya shule hupandi ua, maana hujui barua ya uhamisho inakuja lini. Nilipomaliza kujenga hapa Songea, mtaa uleule aliozoea mama, nikamchukua tukae wote. Kisha nikanunua karatasi za grafu na penseli za rangi. Mnicheke tu, lakini mimi siwezi kuchimba hata shimo la taka bila kuchora kwanza.

Mchoro ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Nilisimama getini nikautazama uwanja, nikachora duara kubwa katikati, mawaridi mekundu ndani, meupe kuzunguka, na kinjia chembamba kinachopinda pembeni ya duara hadi mlangoni. Masista wa parokia walinigawia miche kwenye viriba. Nikapigilia vigingi, nikafunga kamba. Mama alikuwa amekaa barazani akichambua maharage.

Ngoja nieleze kuhusu mama na uwanja ule. Amevuka themanini, mgongo umepinda, lakini kila alfajiri anaufagia mpaka udongo mwekundu unabaki na mistari ya fagio tu. Jani moja likidondoka anarudi kuliokota. Mimi nilidhani ni usafi wa wazee wetu, basi.

Asubuhi iliyofuata nilikuta vigingi vyote vimeng'olewa, vimefungwa fungu moja kwa ile kamba yangu, vimewekwa mlangoni pa chumba changu. Hasira zangu ziko karibu, waliosoma kwangu wanajua. Nilitoka nje bila hata shikamoo.

"Mama, nani kang'oa?"

"Mimi."

"Hii nyumba nimejenga mimi, mama."

Neno hilo nalijutia hadi leo. Yeye aliegemea fagio lake, akaniangalia kwa upole ambao sikustahili.

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenye nyumba. Siku yangu ikifika, watu watakaa wapi?"

Nikamjibu ovyo kwamba siku hizi watu wanakodi ukumbi.

"Ukumbini nitakuwa mgeni," akasema. "Mtaa huu hakuna uwanja ambao sijakaa msiba. Nimewapikia, nimelala chini nao, nimewalilia watu wao. Na wao waje wakae kwangu. Nani atakuja kukaa kwenye miiba?"

Akaingia ndani, akatoka na mkeka wake umekunjwa vizuri. "Shika huko nyuma," akaniambia. Yeye mbele, mimi nyuma, tukaubeba mkeka ule kutoka mlangoni kama jeneza. Matundu ya vigingi yalikuwa bado yanaonekana, kwa hiyo tukafuata kinjia changu cha kwenye karatasi. Tulipofika kwenye duara akasimama.

"Hapa nimekwama."

"Kunja kidogo kushoto, mama."

"Sisi na mkeka tutakunja. Wenzako watakuwa watatu huku, watatu huku. Watatembea juu ya mawaridi yako, au watapita juu ya sanduku?" Akatanua viwiko vyake vyembamba kunionyesha upana wa wanaume, akacheka.

Nilitaka kumwambia aache maneno hayo, lakini sikuthubutu, maana alikuwa na furaha ya mtu anayepanga arusi. Alinyoosha fagio huku na huku. Turubai lianzie hapa, wazee wasipigwe jua. Wanaume wakoke moto wao kule, ili baridi ya Juni ikija na upepo, moshi usiwaumize akina mama. Wanajumuiya waketi karibu na geti, wana sauti nzuri, wasikike mpaka barabarani. Kifo chenyewe hakukitaja hata mara moja. Wasiwasi wake wote ulikuwa juu ya watu watakaokuja, wasichomwe na jua.

Nimefundisha pembe na maeneo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sijapata kuona ardhi ikipimwa hivyo. Mimi niliupima uwanja nikiwa getini, nikiwafikiria wapita njia. Mama aliupima akitokea mlangoni. Nilistaajabu mpaka nikaona aibu. Nikachukua karatasi mpya, nikaandika kila alichosema.

Tukapanga upya. Mawaridi yakaenda kando ya uzio na pande mbili za njia, na njia yenyewe ikanyooka kutoka mlangoni hadi getini, upana aliouchagua yeye kwa viwiko vyake. Meupe aliyataka karibu na mlango.

"Nikipita nisikie harufu," akasema.

"Utasikiaje, mama?"

"Wewe utasikia."

Mvua zikaja, miche ikashika. Sasa yamechanua, na wapita njia wanasimama kweli, kama nilivyotaka. Kila alfajiri mama anaifagia njia yake taratibu, na kila mwezi mimi napita na mkasi kupunguza matawi. Mwaka huu anafagia akipumzika mara mbili. Na mimi, msomi wa kupima, kuna tawi moja la waridi jeupe sikulikata. Nililiona linainama kuingia njiani, nikapita. Mwezi uliofuata nikapita tena, hadi likafika katikati.

Jumapili iliyopita, tumetoka misa, mama akasimama mbele ya tawi lile. Akaliangalia, akaniangalia. Nilikuwa tayari na uongo wangu, kwamba mkasi umekuwa butu.

"Mwalimu," akasema, "unanizibia njia?"

Nikalia pale pale, na nguo zangu za kanisani, mtu mzima mwenye wajukuu. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kisha akalishika lile tawi kwa kanga yake, miiba isinichome.

"Kata, mwanangu," akasema. "Nimekushikia."

Nikaenda ndani kuleta mkasi.