Safari ya Ersilia na Kuku wa Mzazi

Mama mkwe wangu, Ersilia, alifanya kazi moja tangu akiwa na miaka kumi na miwili: kusuka vitunguu. Vitunguu vyetu vya huku vilimani juu ya mji wa Tropea, kusini mwa Italia, ni vyekundu na vitamu, na wanunuzi huvitaka vimesukwa majani kama nywele za msichana anayekwenda kanisani. Alivisuka akiwa mjamzito, akavisuka mume wangu Saverio akiwa kichanga kwenye kapu miguuni pake. Alikaa roshani akiielekea bahari, na kila alipomaliza shada moja aliinua macho kuutazama mlima wa moto wa Stromboli, uliosimama peke yake katikati ya maji kule mbali, ukifuka moshi. Moshi ukinyooka, vitunguu vinabaki nje. Moshi ukilala upande wetu, anaita watoto waviingize ndani, hata kama mbingu ni nyeupe. Sijawahi kumwona akikosea.

Miaka sabini na mmoja aliutazama mlima ule, na hakuwahi kufika.

Mwaka huu likizo yetu ya Agosti haikuwa kama nyingine. Mimi na Saverio tunaishi Torino, kaskazini, yeye anafanya kazi kiwandani, na kila mwaka tunateremka kijijini kwa siku kumi na tano. Baba mkwe, Mico, alifariki Novemba. Mwezi wa tatu mama akaanguka kwenye ngazi, akalala pale pale mpaka jirani alipomsikia. Ikaamuliwa kwamba Jumapili ya mwisho wa likizo tuondoke naye moja kwa moja. Nyumba itafungwa, na roshani nayo.

Ndipo Saverio akapata wazo. Alhamisi kuna boti inayotoka Tropea asubuhi, inashinda kwenye kisiwa chenye mlima ule, na jioni inazunguka mlima kuonyesha moto kabla ya kurudi. Mwenye boti alitaka majina kabla ya Jumatano jioni. Wazo lilikuwa zuri. Kosa ni pale alipolisemea. Alisimama uchochoroni na mkate mkononi, akamwita mama yake aliyekuwa juu, kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, kwamba Alhamisi tunakwenda Stromboli kutembea.

Amekaa kaskazini mno. Huku mjane hatembei kabla mwaka haujaisha. Anakwenda kanisani, makaburini, kwa daktari na sokoni, basi. Televisheni ya mama ilikuwa bado imefunikwa kitambaa tangu siku ya mazishi. Niliona dirisha la ng'ambo likifunguka kidogo, kisha jingine. Mama akachungulia chini, nguo nyeusi tii, akamwambia mwanawe apande, mkate unapoa. Mezani akasema ule mlima ameutazama vya kutosha, hana haja ya kwenda kuuchungulia puani.

Saverio alimbembeleza siku mbili. Nilikuwa namnyonyesha binti yangu Agatina pale roshani, na nikawa naona. Msimu wa vitunguu ulikuwa umepita na mikono ya mama haikuwa na kazi, lakini bado aliinua macho kila baada ya muda ule ule, kama kwamba shada limekwisha. Jumanne nilimkuta ameegemea ukuta, anautazama bila kupepesa. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Natafuta namna ya kuuaga, mwanangu," akasema. "Kwa umbali huu hausikii."

Nikaelewa kwamba anataka kwenda, na kwamba hatakwenda. Amezeeka pamoja na watu wale, na hakutaka kuondoka Jumapili akiwaachia la kusema: Ersilia kaenda kujifurahisha, na Mico hajatimiza hata mwaka kaburini.

Aliyemwogopa kuliko wote alikuwa Bi Nunziata, jirani wa mbele, mwanamke mwenye ulimi. Huyo ndiye anayehesabu miezi ya wajane wa mtaa mzima. Jumatano saa kumi akaja, akasimama katikati ya uchochoro, hakupanda. Kwapani alikuwa na kuku mweusi mnene, kafungwa miguu. Nikajua leo tutasikia.

"Ersilia," akaita, "wewe una miguu, au umeiweka kabatini?"

Mama akatokeza kichwa, akajibu kwamba yake anayo, labda kuna aliyepoteza yake.

"Mpwa wangu Assunta kajifungua kule Stromboli, na kuku wa maana huko hakuna. Mzazi atakaa bila supu? Mimi bahari inanitapisha. Wewe si umezaa? Kesho mpelekee kuku wake."

Huku kuku wa mzazi habebwi na mtu yeyote tu. Hupelekwa akiwa hai, kwa mkono wa mwanamke aliyezaa, na anayeombwa hakatai.

"Nunziata, mimi nimefiwa," mama akasema polepole.

"Kwani kuku naye amefiwa? Sikutumi ukaogelee, nakutuma kwa mzazi. Au nitafute mwingine, nimwambie Ersilia kakataa?"

Madirisha yote yalikuwa wazi. Mama akashuka, akampokea kuku. Nilikuwa nyuma yake na mtoto. Bi Nunziata hakumtazama usoni, alijifanya anakaza kamba miguuni mwa kuku, akasema kwa sauti ya chini, "Mico angekupeleka mwenyewe, mvivu yule." Akageuka akaenda zake. Saverio alikuwa tayari anampigia mwenye boti.

Asubuhi mama alikaa kwenye boti na kapu mapajani, magoti pamoja, kama mtu aliyetumwa. Wageni walimpiga picha kuku. Mlima ukaanza kukua. Kitu nilichozoea kukiona kidogo kama kidole gumba kikajaza mbingu, mpaka nikalazimika kurudisha shingo nyuma ili nione mwisho wake. Mama alinishika mkono kwa nguvu.

Assunta alitungoja gatini, mtoto wake kiunoni. Mtoto mwenyewe mnene, wa miezi saba. Akatuchekea, na chini tukaona meno mawili. Mama akayatazama yale meno, akamtazama kuku. Kisha akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mazishi. Assunta akaeleza kwamba shangazi yake alipiga simu, akaamuru kuku apokewe na maswali yasiulizwe.

Tukala kwake, na alipotusindikiza alituambia tumwangalie Yeye vizuri. Kisiwani hawautaji mlima kwa jina. Wanasema Yeye tu.

Jua lilipogusa maji, boti ikazunguka hadi upande ambao mlima umechunika, mweusi kutoka kileleni mpaka baharini. Injini ikazimwa. Tulikuwa watu kama hamsini, na hakuna aliyekohoa. Juu kabisa kitu chekundu kikachanua, kimya, kisha mawe yakateremka yakirukaruka huku yanawaka, mpaka yakatumbukia baharini na mvuke ukapanda. Baada ya kuona ndipo ikaja sauti. Haikuja masikioni, ilikuja kifuani. Agatina aliacha kunyonya, akafungua macho, hakulia. Nilijiona mdogo kama punje, na udogo ule haukunitisha.

"Kumbe ana sauti," mama akanong'ona. "Miaka yote hii alikuwa anasema, mimi naona moshi."

Akaanza kumjibu. Sikusikia yote. Nilisikia jina la Mico, nikasikia Jumapili na Torino. Alimweleza kama unavyomweleza mkubwa wa nyumba kabla hujaondoka, polepole, bila kulalamika, na kila ngurumo ilipokuja alinyamaza kuipisha.

Baada ya nusu saa mwenye boti, mtu mwenye ndevu za mvi anayefanya safari ile kila siku, akashika ufunguo wa injini. Mama akageuza kichwa.

"Subiri kidogo, baba," akamwambia. "Hajamaliza."

Yule bwana akamtazama, akautazama mlima, akautoa mkono kwenye ufunguo.