Mafuta ya Taa ya Mtani

Wifi yangu Grasiana alikuwa na kazi ambayo ukiwaeleza watu wanadhani unawatania: alilipwa mshahara kwa kuchoma mafuta. Maabara yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Alitia oili ya mashine kwenye kikombe cha shaba chenye kifuniko, akaipasha polepole, akawa anasogeza kimoto kidogo mdomoni mwa kikombe huku jicho liko kwenye kipimajoto. Mvuke ukidaka moto mapema mno, basi oili hiyo imeingiliwa na kitu, isitiwe kwenye mashine. Miaka yote hiyo sikumbuki kumwona na nyusi kamili.

Kwao ni Wanyamwezi, babu yao aliletwa huku na mkonge. Na Mnyamwezi kwa Mzigua ni mtani, hilo halina mjadala. Mtani wake hasa alikuwa Mdoe, Mzigua wa Handeni aliyeuza mafuta ya taa sokoni. Wee! Wakikutana hao, kazi zinasimama. "Mnauziwa mkojo wa punda, nyie!" Grasiana angewapigia kelele wateja. "Mpisheni mbeba mizigo apite!" Mdoe angejibu, akiwakumbushia Wanyamwezi wapagazi wa misafara ya zamani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ilikuwa enzi ya ruksa, kila mwenye pipa ni mfanyabiashara. Mdoe akaongeza pipa la pili, na mchana mmoja nikanunua chupa yangu humo. Kuifungua tu, harufu ya petroli ikanipiga puani. Nikampelekea wifi kazini.

Akamimina kikombeni. Mafuta ya taa mazuri ni mavumilivu, hayashiki mpaka uyapashe kwanza. Haya yalidaka hata kabla hajawasha jiko la kupashia. Fyuu! Akarudia, yakadaka tena. Grasiana akavua koti la kazi, akatoka mbio, nami nyuma yake nikihema.

Sokoni foleni ilikuwa ndefu.

"Mdoe, funga koki! Mafuta yako yana petroli, utaua watu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mdoe akashika kiuno. "Leo mkojo wa punda umekuwa petroli? Mtani, umepandisha cheo!"

"Sitanii!"

Wakacheka zaidi. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi kwa kanga huku ananyoosha dumu lake lijazwe. Mimi nilitamani kumzaba kibao, Mungu anisamehe. Nilipiga kelele nami, lakini nani atamsikiliza wifi wa mtani?

Grasiana akasogea mpaka mbele ya Mdoe. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yule, ingawa Mdoe alimzidi umri kwa mbali. Akapiga goti pale kwenye vumbi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee Mdoe."

Mtani hamwamkii mtani hivyo. Soko likapoa. "Marahaba," Mdoe alijibu.

"Nimeyapima, mzee. Yanashika moto yakiwa baridi. Atakayewasha taa ataungua yeye na watoto wake."

Mdoe akafunga koki. Akalitazama lile pipa, akasema polepole kwamba alilipata kwa madereva kule Segera, lilikuwa la petroli, naye hakulikausha. Halafu nikamwona uso umebadilika kabisa.

"Rosina amechukua ya nyumbani," akasema. Rosina ni mkewe.

Jamani, tulikimbia! Mdoe kandambili moja ilimtoka njiani, hakuigeukia. Tulimkuta Rosina uani, jiko la mafuta ameshalijaza, anataka kuchemsha chai, kibiriti mkononi, mjukuu anatambaa miguuni pake. Mdoe akampokonya kibiriti kwa nguvu mpaka njiti zikamwagika.

"Una wazimu, baba Simeo?" Rosina akauliza.

 Mdoe alimbeba mtoto, akakaa naye chini, akalia mbele yetu sote bila kujificha. Mkewe alimtazama yeye, akatutazama sisi, na mimi ndiye niliyemweleza. Lile jiko nililitoa mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba.

Baadaye Mdoe akamwinulia Grasiana macho. "Kwa nini hukuniambia vizuri tangu mwanzo?"

"Nilikwambia, Mdoe. Ukacheka. Na mimi mwenyewe ndiye niliyekuzoesha kucheka."